Fimbo za Chuma za Kijapani: Ipi Inakufaa kwa Kiwango Chako?

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Nimejikusanya, ninunue Mizuno gani?" "Kati ya Srixon na Mizuno, ipi kali?" "Kaka, ni kweli Miura zinapiga zenyewe?" Wengi wanaouliza ni watu wa Kivu ya Kaskazini, wa Masisi na Walikale, ambao vita na riziki vimewafikisha Kigali, Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, na huko ndiko walikokutana na gofu. Mmoja alianza kwa kubeba mifuko ya wenzake, mwingine alialikwa na mshirika wa biashara akanasa. Kwao mchezo huu hawakuukuta. Masisi ina vilima na nyasi safi, ila wanaozipunguza ni ng'ombe. Walikale ni msitu, na mpira ungepotea kwa pigo la kwanza.

Nitazungumzia fimbo za chuma peke yake, yaani kuanzia namba 4 mpaka weji ya pichi. Draiva na pata zina makala yao. Nimechagua za Kijapani kwa sababu ndizo mnazoziulizia, na kwa sababu soko la mitumba la Japani ni kubwa na fimbo zake hutunzwa vizuri.

Jibu la mwenye haraka

- Ndiyo kwanza unaanza, au handikapu yako bado iko juu ya 24: Mizuno JPX Hot Metal, Srixon ZX4, au XXIO kama mikono yako haina kasi. Nunua mtumba.
- Uko kati ya 24 na 10: Srixon ZX5 au mdogo wake ZXi5, Mizuno JPX Hot Metal Pro, Mizuno Pro 245.
- Umeshuka chini ya 10: Srixon ZX7 au ZXi7, Mizuno Pro 243.
- Unacheza sifuri, au gofu ndiyo inayokulisha: unajua unachokitaka, usinisubiri mimi.

Hapo ni pa kuanzia tu. Handikapu inajumlisha kila kitu, pamoja na pata na bahati. Wapo watu wa handikapu 9 wanaookolewa na mchezo wa karibu na shimo huku fimbo zao za chuma zikiwa hazijulikani zinaelekea wapi. Mtu huyo abaki kundi la pili, tena bila aibu. Kinachoamua ni kule unakoupigia mpira kwenye uso wa fimbo, na hilo unaweza kulipima leo bila kununua chochote.

Pima kwanza: poda na namba 7

Chukua namba 7 yoyote uliyo nayo, hata ya kuazima, nenda uwanja wa mazoezi.

1. Futa uso wa fimbo mpaka ukauke kabisa.
2. Paka poda ya mtoto kwa kidole, nyembamba. Ikizidi inaganda na alama haisomeki. Kalamu ya ubao mweupe nayo inafaa.
3. Piga. Tazama alama kabla hujatazama mpira ulikokwenda, maana mpira ukienda vizuri utajisamehe.
4. Piga picha kwa simu, futa, paka tena.
5. Rudia mara kumi au zaidi, usiruke pigo baya hata moja. Yale mabaya ndiyo yatakayokuchagulia fimbo.

Sasa zipange picha. Kama alama karibu zote zinaingia ndani ya duara la sarafu, katikati na chini kidogo ya nusu ya uso, una uhuru wa kuchagua. Zikitawanyika kutoka kisigino mpaka ncha ya fimbo, unahitaji kichwa kipana chenye uzito uliosukumwa pembeni, hata kama handikapu yako inasema vingine. Zikiwa zimekusanyika pamoja lakini zote ziko kwenye ncha, au zote kisigino, usikimbilie dukani: huenda unasimama mbali mno na mpira au karibu mno, au fimbo hiyo si ya urefu wako. Hilo linarekebishwa na mwalimu wa klabu kwa nusu saa, na ni nafuu kuliko seti yoyote.

Alama zikiwa chini kabisa, kwenye mifereji miwili ya mwisho, unaukata mpira tumboni. Soli nene yenye uzito chini itakusaidia kuunyanyua.

Namba 7 ya huyu si namba 7 ya yule

Hapa ndipo wauzaji wanapowakamatia watu. Unapewa fimbo mbili, zote zimeandikwa 7. Ya kwanza inapeleka mpira yadi 145, ya pili 160. Muuzaji anatabasamu: "Umeona, bosi?" Unalipa.

Ulichoonyeshwa ni lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo. Tazama namba 7 za kampuni moja, Mizuno:

- Pro 241: digrii 34
- Pro 243: digrii 32
- Pro 245: digrii 30
- JPX925 Hot Metal: digrii 28 hivi

Pro 241 namba 6 ina digrii 30 na namba 5 ina 27. Kwa hiyo ile 7 ya Hot Metal, kwa lofti, iko katikati ya 6 na 5 ya Pro 241. Si uchawi wa Kijapani, na si udanganyifu pia, ilimradi uwe unajua unachonunua.

Mtu atauliza: basi mbona mpira wa Hot Metal haupiti chini chini? Kwa sababu uso wake ni mwembamba, unarusha haraka, na uzito umeshushwa karibu na soli, nao uzito ukiwa chini mpira hupanda. Kwenye Pro 245 wametumia pia kipande cha tungsteni ndani ya fimbo ndefu. Aliyewahi kunyanyua mfuko wa kasiterite, mawe ya bati, pale mgodi wa Bisie kule Walikale anaelewa bila kufundishwa: kitu kidogo, mkono unashuka. Tungsteni ni nzito zaidi ya hapo. Inakaa kwenye kona ndogo ya kichwa na kuburuta uzito wote kule mhandisi anakotaka.

Ila lofti kali ina deni lake, na kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mpira kusimama. Mpira uliopigwa kwa digrii 28 na mtu asiye na kasi hupanda kidogo, hushuka kwa mteremko mrefu, hutua mbele ya grini na kuteleza mpaka nyuma. Ukijaribu fimbo, usiulize imefika wapi. Uliza imetua wapi na imesimama wapi. Kama huna kasi ya kutosha, ndani ya familia hiyo hiyo ya JPX kuna Hot Metal HL, ambayo lofti yake imelegezwa makusudi ili mpira upande. Wanaume wengi huikataa kwa sababu "haiendi mbali". Ndiyo fimbo ambayo ningewapa nusu yao.

La pili ni pengo la chini. Weji ya pichi ya Hot Metal ina digrii 42 au 43, ya Pro 241 ina 46. Ukiwa na 43, halafu weji yako inayofuata ni ya 56, kuna zaidi ya digrii 12 katikati ambazo huna fimbo yake, na hizo ndizo yadi za mapigo ya kutafuta alama. Utahitaji weji mbili hapo, ya 48 na ya 52 kwa mfano. Kumbuka sheria inaruhusu fimbo 14 tu mfukoni. Toa namba 4, huipigi vizuri hata hivyo.

Wanaoanza

Tangu 2020 mfumo wa dunia wa handikapu unafika mpaka 54, kwa wanaume na wanawake, na hakuna haya kuwa huko. Haya ni kubeba fimbo za mtu wa sifuri ukiwa huko.

Usinunue mpya. Swingi yako itabadilika mara nyingi katika miezi ya kwanza, na seti iliyokufaa Januari huenda Agosti isikufae. Tafuta JPX Hot Metal za vizazi vya nyuma: 919, 921, 923. Tofauti kati ya kizazi na kizazi ipo, lakini kwa mtu ambaye bado anapiga udongo kwanza haionekani. Hizi hazifuliwi, humiminwa kwa chuma cha kromoli, na uso wake unavumilia. Sifa ya Mizuno ya kufua chuma pale Hiroshima ni ya kweli, ila si kila Mizuno inapita huko, na anayekuuzia Hot Metal kwa hadithi ya Hiroshima hajui bidhaa yake.

Nusu seti inatosha: 5, 7, 9, weji ya pichi na weji ya mchanga. Ongeza taratibu.

XXIO inastahili neno lake. Ni chapa ya Dunlop ya Japani, iliyoanza 2000, na kampuni mama, Sumitomo Rubber, ndiyo mama wa Srixon pia. Imetengenezwa iwe nyepesi kutoka gripu mpaka kichwani, kwa ajili ya watu wa swingi ya polepole: wazee, vijana wadogo, akina mama wengi, na mwanamume yeyote ambaye mgongo umeshaanza kumsemesha. Ubaya ni kwamba mwenye mikono ya haraka akiishika, mpira unamkimbilia kushoto na haelewi kwa nini.

Walio katikati

Kundi hili ndilo kubwa, na ndilo linalotupa pesa zaidi, kwa sababu mtu akishapiga chini ya 90 mara moja anajiona tayari kwa fimbo nyembamba.

Kama ningelazimishwa kuchagua moja bila kukuona ukipiga, ningekupa Srixon ZX5. Kichwa si kikubwa cha kuchekesha, kinasamehe pigo la pembeni, lofti yake haikuzidi mno (digrii 31 kwa namba 7 katika toleo la pili), na soli yake ina umbo la V ambalo nitalieleza chini. ZXi5, iliyotoka Januari 2025, imeendeleza njia hiyo hiyo. Tofauti ya bei kati ya mpya na mtumba wa kizazi kilichotangulia hainishawishi kununua mpya.

Mizuno Pro 245 ni nzuri kuitazama: ukiiweka nyuma ya mpira unaona fimbo ya mchezaji stadi, kumbe ndani ni tupu na ina tungsteni. Inawafaa walio karibu na 10 ambao moyo unataka uzuri na mkono bado unataka msaada. JPX Hot Metal Pro ni Hot Metal iliyopunguzwa mwili na kusogezwa kidogo upande wa wanaojiweza.

Honma mtaiona, hasa kwenye mifuko ya wenye nazo. Kampuni ilianza 1959 na kiwanda chake kiko Sakata, mkoa wa Yamagata. Inabidi utenganishe mambo mawili. Fimbo za TW ni za kucheza, zinashindana na hizi nilizozitaja. Beres ni vito: seti yenye nyota tano na dhahabu imekuwa ikiuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Beres ni nyepesi na ni rahisi kupiga, sikatai, lakini nyota zile hazipunguzi pigo hata moja kwenye kadi.

Walioshuka chini ya 10

ZX7 na ZXi7 kwa wanaopenda soli ya Srixon, Pro 243 kwa wanaopenda ladha ya Mizuno. Ladha hiyo ipo, chuma laini kilichofuliwa hutoa sauti ya chini na mkono unapata taarifa ya pigo bila kutikiswa. Ila anayeihisi ni yule anayepiga kitovu, na anayepiga pembeni huhisi tu kwamba ameumia.

Shauri langu kwa kundi hili ni kuchanganya. Chukua ZX5 kwa namba 4, 5 na 6, na ZX7 kuanzia 7 kushuka. Srixon wenyewe walizitengeneza zikae pamoja, lofti zinapishana kidogo tu. Fimbo ndefu ndizo zinazohitaji msamaha, fupi ndizo zinazohitaji udhibiti. Angalia tu namba inayopakana isije ikagongana na mwenzake kwa umbali.

Miura nayo. Ni karakana ya familia karibu na Himeji, mwanzilishi wake Katsuhiro Miura, na sifa yake kubwa ni usahihi wa uzito na namna shingo inavyounganishwa na kichwa. Zinapiga zenyewe? Hazipigi. Zinarudia ulichofanya, kizuri na kibaya, kwa uaminifu unaochosha. Seti mpya huvuka dola 2,000 kwa urahisi. Kama umeweza kuzilipia na alama zako za poda ziko ndani ya sarafu, furahia.

Shafti: nusu ya fimbo inayosahauliwa

Watu huchagua kichwa wiki nzima, shafti wanapokea iliyopo. Kwa fimbo za Japani kosa hili linauma zaidi, kwa sababu mbili.

Uzito. Shafti ya Nippon N.S. Pro 950GH, iliyoingia sokoni 1999 na ambayo utaikuta kwenye mitumba mingi ya Japani, ina uzito usiofika gramu 100. Dynamic Gold S300 ya Kimarekani ina karibu 130. Gramu 30 hizo hazionekani shimo la kwanza. Zinaonekana shimo la 14, jua likiwa utosini, pale fimbo inapoanza kuchelewa na mipira yote kwenda kulia.

Herufi. R, SR, S na X hazina kipimo kimoja duniani. Shafti ya soko la Japani yenye S mara nyingi ni laini kuliko S ya Marekani. Kijana mwenye nguvu aliyetoka kubeba mifuko akiagiza S ya Japani kwa kusoma herufi tu anaweza kupata fimbo inayoyumba mikononi mwake. Mzee aliyekuwa akihangaika na S ya Marekani anaweza kukuta S ya Japani imemfaa kabisa.

Kanuni ya haraka uwanjani: mpira ukipaa juu mno na kwenda kushoto kwa mpiga wa mkono wa kulia, shafti huenda ni laini au nyepesi. Ukienda chini na kulia, huenda ni ngumu au nzito. Nasema huenda, kwa sababu swingi nayo ina mchango wake. Jaribu fimbo mbili za kichwa kimoja zenye shafti tofauti siku moja, si siku mbili.

Nyasi za kwenu, na mwinuko

Nyasi zinazolisha ng'ombe wa Masisi na nyasi za viwanja vingi vya Nairobi ni ndugu wa karibu: kikuyu, nyasi asilia ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Aliyechunga anaijua, inatambaa, inafungamana, ukiivuta inakuja na dada zake. Kwenye gofu inaushika mpira juu kidogo ya ardhi, jambo zuri, halafu inaishika fimbo shingoni, jambo baya. Soli pana na bapa huteleza juu yake au kukwama ndani yake. Soli ya V, ile ya Srixon, ina ukingo wa mbele unaoingia na kutoka haraka. Sijaona fimbo ya Kijapani inayopita kwenye kikuyu mbichi kwa raha zaidi.

Kipande kinachong'oka kitakuambia. Baada ya pigo, inama ukitazame kidonda ardhini. Kikianza nyuma ya pale mpira ulipokuwa, tena kirefu, unachimba. Unataka soli nene zaidi. Kama hakuna kidonda kabisa, nyasi zimelala tu, unafagia, na fimbo yenye soli nyembamba haitakudhuru.

Pwani mambo mengine. Nyali kule Mombasa, na Vipingo, udongo ni wa mchanga, nyasi ni fupi na ngumu, na miezi ya kiangazi ardhi inalia. Soli nene hudunda hapo, na ukingo wake unaupiga mpira tumboni. Wakati wa masika unageuka kuwa mtu mwingine kwenye uwanja ule ule. Nunua kwa ajili ya uwanja unaochezea wiki kwa wiki, si ule ulioalikwa mara moja.

Mwinuko nao hudanganya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Kigali karibu 1,500. Hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi kule Nairobi. Pigo la yadi 150 pale Nyali hukaribia 160 Muthaiga, Nairobi. Kwa hiyo mwenzako wa Nairobi akikuambia fimbo zake mpya zimemwongezea yadi kumi kuliko zile alizojaribu Mombasa, mwambie akamshukuru mlima. Linganisha fimbo mbili uwanja mmoja, mipira aina moja, saa moja.

"Lakini nimeambiwa..."

*"Anza na bledi, zitakufundisha."* Bledi ni zile fimbo nyembamba. Wakongwe wa klabu husema hivi, na wanatoa mfano wa wataalamu wetu waliotoka kwenye ubebaji mifuko wakijifunza na fimbo moja nyembamba ya zamani. Walijifunza hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Hatuwaoni wale wengi waliokata tamaa na fimbo hizo hizo. Isitoshe, fimbo inakufundisha pale tu unapoweza kutofautisha pigo hili na lile. Kama yote yanauma, hakuna somo.

*"Wataalamu wanatumia hizi."* Hideki Matsuyama alishinda Masters ya 2021, Mjapani wa kwanza kuifanya kazi hiyo, akiwa na fimbo nyembamba za Srixon Z-Forged. Hapigi mpira kama mimi na wewe. Mfano wenye faida kwako ni Brooks Koepka: US Open ya 2017 na ya 2018 alizichukua akiwa na Mizuno JPX 900 Tour, wala hakulipwa kuzitumia. Fimbo hizo leo ni mtumba wa bei nafuu. Anayekuambia fimbo ya miaka mingi imepitwa na wakati anataka kukuuzia ya mwaka huu.

*"Mimi ni mwanamke, nitafute za kike?"* Tafuta za kasi yako. Rangi na neno lililoandikwa kwenye shafti havipimi kasi. Wapo akina mama wanaofaa R ya kawaida, na wapo akina baba ambao XXIO nyepesi ingewaokoa.

Ukinunua mtumba

Yen imeshuka sana miaka hii. 2024 ilivuka 160 kwa dola moja. Mitumba ya Japani ikawa karata nzuri. Kabla hujatuma pesa, dai picha hizi:

- Uso wa namba 7, 8 na 9 kwa karibu, mwanga ukitoka pembeni. Krome iliyofifia na kuwa ya kijivu katikati inaonyesha aliyezitumia alikuwa akipiga kitovu. Mifereji ikiwa imelainika hapo, mpira hautashika. Fifio likiwa kwenye ncha si tatizo la fimbo, lilikuwa tatizo la mwenyewe.
- Soli. Mikwaruzo ya kawaida sawa. Makovu ya mawe kwenye ukingo wa mbele si sawa.
- Shingo, pale shafti inapoingia. Pete nyeusi iliyoachana na kichwa ni dalili gundi imelegea.
- Shafti nzima. Tafuta kutu chini ya gripu na uulize kama imekatwa. Watu wengi hupunguza nusu inchi bila kusema.
- Lebo za shafti, zote. Seti yenye lebo mbili tofauti ilichanganywa.

Uliza pia kama lofti na mlalo wa shingo viliwahi kupindwa. Fimbo za kufuliwa zinapindika kwa digrii mbili hivi bila shida, na hilo ni jema, mradi ujue. Hot Metal za kumiminwa ni ngumu zaidi, usimpe fundi wa kubahatisha.

Bandia zipo, na chapa zenye jina kama Honma na Mizuno huigwa. Bei ikiwa theluthi ya wengine wote, una jibu. Tazama maandishi: rangi iliyovuka ukingo wa herufi, namba ya mfululizo isiyokuwapo au inayofanana kwenye fimbo zote za duka, uzito unaotofautiana ovyo ukizishika mbili mbili. Usilipe kwa mtu aliyekutumia picha za tangazo la kiwanda badala ya fimbo yenyewe. Na usafiri na ushuru uulizie kwanza kwa wakala anayejulikana. Watu wamepata fimbo rahisi zikaja kuwa ghali bandarini.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kununua seti nzima kuanzia namba 3. Namba 3 na 4 za wengi hukaa mfukoni kama wageni. Mbao ya 5 au fimbo mseto inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.
- Kujaribu fimbo kwenye zulia la plastiki pekee. Zulia husamehe kupiga udongo kwanza, nyasi hazisamehi.
- Kujaribu ukiwa umeshapiga mipira mia. Kila fimbo itaonekana nzito.
- Kuagiza fimbo ndefu kwa sababu wewe ni mrefu. Kinachopimwa ni umbali wa kifundo cha mkono mpaka ardhini ukiwa umesimama wima na viatu vyako.
- Kusahau gripu. Mtumba wa Japani mara nyingi huja na gripu iliyokauka. Weka bei ya gripu mpya kwenye hesabu tangu mwanzo.

Zikifika, usiende nazo mashindanoni. Bandika utepe kwenye soli, piga mipira michache juu ya ubao, uone utepe umechanika wapi. Ukichanika upande wa ncha, shingo imelala mno kwako. Upande wa kisigino, imesimama mno. Mpelekee mwalimu wa klabu fimbo hizo pamoja na utepe wake, si maneno matupu, apinde inavyotakiwa. Halafu rudia ile kazi ya poda kwa namba 5, 7 na 9, uandike umbali wa kila moja kwenye daftari, wa kutua na wa kusimama, kwa uwanja wako wenyewe.